Mita ya Upande wa Pili

Jumatano, 3 Aprili

Mwanangu Waya,

Mimi mzima, cherehani nzima, paa halivuji. Salamu zimekwisha, sasa nikwambie kinachonichemsha.

Hii mita mpya waliyotufungia mwezi wa pili inanila nikiwa hai. Bili ya kwanza ilipokuja nikasema wamekosea, binadamu hukosea. Ya pili ikaja imenenepa kuliko ya kwanza. Nikaenda ofisini kwao, nikapanga foleni mpaka miguu ikavimba, na bwana wa dirishani akaniuliza kama nimenunua friji. Sina friji, wewe unajua, maziwa nanunua ya siku ile ile. Akasema basi nipunguze pasi. Mimi fundi nguo nipunguze pasi! Ningemwambia naye apunguze kalamu tuone atafanya kazi gani.

Jana nikazima kila kitu. Taa, redio, cherehani, pasi nikaichomoa kabisa. Nikatoka nje na tochi, nikafungua mlango wangu wa kile kisanduku cha mita. Kitaa chekundu kinapepesa. Polepole, bila haraka, kama mtu anayekula cha mwenzake. Nimesimama pale barazani kwangu mwenyewe, nyumba giza totoro, na mita inahesabu. Nikarudi ndani nikalala na njaa kwa hasira.

Kisanduku chenyewe unakikumbuka, kipo mbele, pale ukuta unapoishia, milango miwili na makufuli mawili. Mmoja wangu, mwingine wa huyo wa upande wa pili. Ni shangazi yako, sikatai, ila jina lake sijalitaja tangu mwaka aliofariki baba yako, siku aliposema mbele ya watu kwamba mimi ni mpangaji tu katika nyumba ya baba yake. Ukuta ukajengwa kuigawa nyumba, nami nikashukuru.

Wewe ndiye fundi umeme wa familia. Najua huko kambini kwenu simu haishiki, lakini lori la vyakula linabeba barua, kwa hiyo usijifanye hukuipata hii. Nifanye nini?

Mama yako


Alhamisi, 11 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua imefika na mchele. Wasimamizi wa mgodi wamenicheka, wanasema fundi anayewasha kambi nzima, mama yake analala gizani.

Usipigane na bwana wa dirishani kwanza. Fanya hivi. Mchana, zima swichi kuu ya ndani ya nyumba, ile iliyo nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea. Si kuchomoa vitu, zima swichi yenyewe. Halafu nenda kaangalie kitaa. Kikiacha kupepesa, ubaya umo ndani ya nyumba, labda waya umechubuka darini. Kikiendelea, basi umeme unapotelea kati ya mita na nyumba. Hapo ni mambo mawili tu: waya wa chini ya ardhi unavuja, au kuna mtu kajiunganisha.

Kuna jambo nakuomba usilipuuze. Waya unaovuja ardhini unaua. Ukitoka nyumbani kwa muda mrefu, usiishie swichi ya ndani. Fungua kisanduku, chini ya mita kuna swichi nyeusi, ishushe. Ukirudi ndipo uipandishe.

Na ule, Mama. Hasira si chakula.

Mwanao,
Waya


Jumapili, 14 Aprili

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Sikuandikii ili unijibu kwa adabu, nakuandikia kwa kuwa nimechoka. Najua mama yako anakuandikia pia. Barua hii usimwambie, na yake usiniambie. Mimi sipeleki maneno na sipokei.

Wewe unajua ninachotumia. Taa mbili na mashine ya kutotolea mayai, ile ndogo, inayokaa na joto lake usiku na mchana. Haipandi, haishuki, kama mimi. Sasa tangu tufungiwe mita mpya, kitaa cha mita yangu mchana kinapepesa kama jicho lenye mchanga. Kinaenda mbio, kinatulia kidogo, kinaenda mbio tena. Usiku ndipo kinapumzika. Nani katika mtaa huu anafanya kazi ya kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, mchana kutwa? Mimi sitaji mtu. Nasema tu kwamba kuku hapigi pasi.

Tena siku ile ya kufunga mita walikuja mafundi wawili, wamechoka, jua kali. Wakaniomba nizime umeme dakika chache ili wajue waya upi unaingia kwa nani. Nikawaambia waanze kwa jirani, mimi nina mayai. Wakaenda, wakarudi, wakasema jirani kawaambia waanze kwa yule mwenye kuku. Nikawaambia basi na wakae. Wakatazamana, wakafunga wanavyojua wao, wakaenda zao. Kwa hiyo kama kuna aliyepitisha waya chini ya ukuta, alifanya hivyo baadaye, maana wale hawakuchimba kitu.

Niambie wewe mwenye ujuzi: waya wa mwizi unatambuliwaje?

Shangazi yako


Jumamosi, 20 Aprili

Waya mwanangu,

Nimezima swichi kuu ya ndani. Nimeizima mchana kweupe, nikaenda kutazama, na kitaa kinapepesa vile vile, polepole, hakina habari na mimi. Nimerudia mara kadhaa kwa kuwa sikuamini macho yangu.

Kwa hiyo ni kama ulivyosema. Kuna mtu kajiunganisha.

Najua umeandika pia habari ya waya unaovuja. Mwanangu, waya ukivuja usiku na mchana kiasi hicho, bustani yangu ingekuwa imeungua. Sasa niambie, ni nani aliye karibu na mita yangu kuliko mimi? Nani ana kitu kinachokula umeme bila kulala? Mashine yake naisikia kupitia ukutani, inanguruma kama mzee aliyeshiba. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nimejiuliza kuku wale anawalisha nini mpaka wananenepa hivyo, kumbe nawalisha mimi.

Ijumaa ijayo naenda kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu, nitalala kule hadi Jumapili. Nitashusha ile swichi nyeusi kama ulivyoagiza. Nikirudi nitajua la kufanya, na safari hii nitakula naye sahani moja.

Mama yako


Jumatatu, 22 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Sijui nikujibu nini, maana umenifunga mdomo kabla sijaufungua. Waya wa mwizi hutambuliwa kwa kuzima kwa mwenye mita na kuona nani mwingine anazimika. Lakini nakuomba usimwite mtu mwizi kwa sasa. Nipe muda nifikiri. Kuna kitu katika habari yako hakikai sawa, nami sijakikamata.

Mtoto wako,
Waya


Alhamisi, 2 Mei

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Ulitaka muda wa kufikiri. Mayai hayakuwa na muda.

Ijumaa mchana nyumba yangu ilizimika. Yangu peke yake. Mtaa mzima umeme upo, muuza duka anasikiliza redio, mimi sina. Nikafungua kisanduku, mita yangu ina uhai wake, swichi yake iko juu, haina kosa. Nikaenda ofisini, wakaniambia umeme haujakatika kokote, nirudi nyumbani nikaangalie balbu. Nimewaambia mayai. Wakaandika "balbu".

Nilichemsha maji, nikajaza chupa, nikayazungushia mayai na mablanketi. Nimekaa nayo mpaka Jumapili jioni umeme uliporudi, mtu fulani akiwa amesimama kisandukuni, sitaji mtu. Nilikuwa nimechelewa. Yalikuwa yamebakiza siku chache tu. Nimeyafungua mengine, yalikuwa na vifaranga kamili, na manyoya tayari. Sikuandika barua hii siku ile kwa sababu nilikuwa nikiyafukia.

Mimi si mtu wa kulia, na sikulia. Ila nimekasirika mpaka nikisikia sauti ya pasi ile ng'ambo ya ukuta natamani kuubomoa. Ule mzao ndio ningeuuza niweke bati jipya jikoni. Sasa mvua ikija nitapika na mwavuli.

Shangazi yako


Alhamisi, 2 Mei

Waya mwanangu,

Harusi ilikuwa nzuri, bibi harusi kavaa gauni langu na watu wameuliza fundi nani. Hayo tuyaache.

Nilishusha ile swichi nyeusi Ijumaa, kila kitu ndani nikiwa nimezima tayari. Jumapili jioni nimerudi, namba hazijasogea hata moja. Nikapandisha swichi kabla sijaingia ndani. Hapo hapo, kitaa kikaanza: pepesa, pepesa. Sijavua hata kiatu! Unaona sasa? Nikizima mimi, yeye anakosa. Nikiwasha, anakula. Jirani yangu muuza duka kaniambia siku hizo mbili nyumba ya yule ilikuwa giza, na yeye anakimbia huku na huko na chupa za maji moto. Ushahidi gani mwingine unautaka?

Leo nimekwenda ofisini, nimeandika malalamiko ya wizi wa umeme na kutia sahihi. Safari hii bwana wa dirishani kaniita mama kwa heshima. Wakaguzi watakuja Jumanne tarehe 14. Ikithibitika, wanakata waya, wanang'oa mita, na kesi inakwenda mbele. Atajua nani mpangaji.

Usiniandikie kunizuia. Damu yako na yake naijua, lakini aliyekunyonyesha ni mimi.

Mama yako


Alhamisi, 9 Mei

Mama, Shangazi,

Nimeandika barua moja, nimeinakili mara mbili. Neno kwa neno ni ile ile, msije mkadai nimempendelea mtu. Dereva wa lori nimemwomba mpaka nimepiga magoti azifikishe kabla ya Jumanne.

Kila mmoja wenu aliniomba nisimwambie mwenzake. Nimefanya hivyo kwa adabu, na adabu hiyo imeua mayai. Sasa basi.

Hakuna mwizi. Mita zimebadilishana. Mama, mita iliyo katika mlango wako inapeleka umeme kwa Shangazi. Ndiyo maana inapepesa polepole usiku na mchana: ni mashine ya kutotolea. Shangazi, mita yako inapeleka umeme kwa Mama. Zile mbio za mchana ni pasi. Mama, uliposhusha swichi nyeusi kwenda harusini hukuzima nyumba yako, ulizima ya Shangazi. Mimi ndiye niliyekuagiza, na hilo linaniuma kuliko mnavyodhani.

Na zimebadilishana kwa nini? Kwa sababu mafundi waliwaomba mzime umeme dakika chache, na hakuna aliyekubali kutangulia. Watu wazima wawili! Mmoja aliniosha nikiwa mchanga, mwingine aliuza kuku wake ili nisomee ufundi huu huu. Mimi hapa nawasha mitambo inayoweza kuua watu mia, na nyumbani kwetu mafundi wanafunga nyaya kwa kubahatisha kwa kuwa mawifi wamenuniana.

Mama, nenda ofisini ufute yale malalamiko. Usingoje Jumanne. Nakuomba kama mwanao, na kama hunisikii kama mwanao, nisikie kama fundi.

Waya


Alhamisi, 16 Mei

Waya,

Barua yako imefika jana. Wakaguzi walikuja juzi. Kwa hiyo magoti yako umeyachafua bure.

Nikueleze, kabla hujaelezwa na wengine. Walikuja wanne, na gari lenye ngazi. Mtaa mzima ukatoka, muuza duka akafunga duka. Mimi nilikuwa nimevaa vizuri. Nilikuwa nimeacha redio ikiimba ndani, kwa sauti, ili ajue sina wasiwasi. Mkaguzi mkubwa, bwana mmoja wa miwani, akasoma malalamiko yangu kwa sauti mbele ya watu, neno mwizi likatamkwa, na shangazi yako kasimama mlangoni kwake na unga wa kuku mikononi. Akaulizwa ufunguo wa mlango wake wa kisanduku, akautoa.

Mkaguzi akasema kwanza wanamkatia mtuhumiwa. Akaishusha swichi ya mita yake.

Redio yangu ikanyamaza.

Mwanangu, sijawahi kusikia kimya kama kile. Akaipandisha, redio ikaimba. Akaishusha, ikanyamaza. Akafanya hivyo mpaka nikatamani wimbo wenyewe usiwe umetungwa. Halafu akanigeukia akasema kwa mujibu wa karatasi zake mita hii ni ya yule mama, na anayeitumia ni mimi. Kwamba malalamiko ya wizi yameshafunguliwa na hayafungwi bila jina la mtu. Akageukia upande wa pili, akamuuliza shangazi yako kama yeye sasa ndiye mlalamikaji. Aseme ndiyo tu, aandike.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimeshaingia, nimebakiza kichwa. Na angeweza kunifukia, nakiri, haki alikuwa nayo. Mayai yale niliyoua hata sikuyajua wakati huo. Yeye alishajua. Aliponiona siku ile narudi kutoka harusini nikipandisha swichi, na taa zake zikawaka, alijua. Akanyamaza wiki mbili na hasira yake.

Akapangusa mikono kwenye kanga, akamwambia mkaguzi, "Mlalamikaji wa nini? Hii ni nyumba moja. Huyu ni mke wa kaka yangu, na yake ni kama yangu. Ukuta ni wetu, tuliupenda wenyewe. Andika hivyo."

Basi. Akaingia ndani.

Nimekasirika, Waya. Nimekasirika kuliko siku ya bili. Miaka yote hii nilikuwa nangoja aseme maneno hayo, na amekuja kuyasema siku ambayo siwezi kumjibu lolote. Kanisamehe mbele ya mtaa mzima, hakuniuliza kama nataka. Sasa hasira yangu nimpelekee nani?

Na yule wa miwani hajaniachia hata nafasi ya kupumua. Akasema kama ni nyumba moja, kanuni ni mita moja. Wakang'oa yake, wakaunganisha nyumba zote mbili kwenye yangu, wakapanda gari. Kwa hiyo sasa nakula umeme mmoja na huyo wa upande wa pili, kwa sheria.

Mama yako


Jumapili, 19 Mei

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Barua yako nimeisoma. Umetutukana vizuri, una mkono wa babu yako.

Usinisifu. Watu wa mtaa wananisifu na wananiudhi. Sikusema vile kwa wema. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikipanga nitakavyomwambia wifi yangu siku atakapoaibika, nilikuwa nimeshapanga hadi sauti. Halafu nikamwona pale na gauni lake zuri, watu wanamtazama kama walivyonitazama mimi dakika moja kabla, nikaona haya. Sikuweza. Hasira bado ninayo, sijui naiweka wapi.

Yeye hajaniomba radhi. Jana lakini alipiga ukuta mara mbili kwa mkasi. Sikuelewa. Kisha pasi ikawaka, na fyuzi ikaruka, tukazimika wote. Mita moja haibebi pasi na mashine pamoja na vile vikorokoro vyake. Leo alipopiga ukuta nami nikapiga, maana yake angoje. Akangoja, ila nimesikia amesonya.

Nimeweka mayai mapya.

Shangazi yako


Jumapili, 9 Juni

Waya mwanangu,

Umeuliza kama tumepatana. Nani kakwambia tuligombana? Tumeishi.

Nataka uandike barua ya kifundi kwa ile ofisi, kwa lugha kali, uwaeleze kwamba mita moja kwa nyumba mbili ni uonevu. Nimekwenda mara mbili. Bwana wa dirishani kasema tulikiri wenyewe kuwa ni nyumba moja, mashahidi mtaa mzima. Mara ya pili tulikwenda wote wawili. Hatukuongozana, tulikutana foleni. Shangazi yako alimwambia yule bwana maneno kuhusu balbu ambayo sitayaandika hapa. Nilifurahi sana, nikamwongezea na ya pasi.

Mengine ni kero tupu. Siwezi kupiga pasi ninapotaka. Siwezi kuwasha cherehani na pasi pamoja. Kila kitu ni kugonga ukuta na kungoja kujibiwa, na yeye hujibu anapojisikia. Juzi kanigongea nizime redio, eti inayasumbua mayai. Mayai yana masikio? Nikazima.

Habari ya yale ya kwanza nimemwambia. Nilisimama huku kwangu, nikasema kupitia ukutani, kwa kuwa uso kwa uso nisingeweza, kwamba sikujua. Akasema, "Najua hukujua, wifi. Ungejua, siku ya wakaguzi ungezima na redio." Sijui kama ni tusi.

Leo asubuhi kanigongea, si ule ugongaji wa kila siku. Mayai yameanza kupasuka. Mashine lazima ibaki na joto mpaka vifaranga wote watoke, na mimi nina gauni la mteja linalotakiwa jioni, lenye mikunjo ambayo bila pasi halivaliki. Mteja kaja saa sita, kakuta limekaa vile vile. Kafoka, kaniambia sina neno, hatarudi tena. Mimi huwa sifokewi dukani kwangu, wewe unajua.

Nimemwambia umeme umekatika mtaa mzima.

Niliyemdanganya ni mteja, si wewe, kwa hiyo usianze kuniandikia mawaidha. Wametoka kumi na mmoja mpaka sasa. Nawasikia.

Mama yako